Kufundishwa Kipolishi kwa Kupitia Kiingereza: Uhakiki wa Nyenzo za Bure za Mtandaoni za Matamshi kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanahakiki nyenzo za mtandaoni zinazotolewa bure kwa ajili ya kujifunza Kipolishi, hususani matamshi yake, kwa kuzitazama kwa jicho la mjifunzaji anayezungumza Kiswahili katika eneo la Kitura, wilayani Mbinga. Nyenzo zilizohakikiwa ni kozi ya Duolingo, sarufi ya Oscar E. Swan, hazina za sauti za Forvo na Wikisłownik, pamoja na mkusanyo wa sauti wa Common Voice. Makala yanadai kwamba udhaifu mkuu wa nyenzo hizi si uchache wa maudhui, bali ni dhana iliyofichika kuwa kila mjifunzaji huanzia kwenye Kiingereza. Dhana hiyo humfundisha mzungumzaji wa Kiswahili mambo anayoyajua tayari na kumnyima yale anayoyahitaji. Aidha, makala yanatofautisha nyenzo za bure na nyenzo huria, na kuonesha kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo pengo hili linaweza kuzibwa kwa Kiswahili.

Dhana za msingi: matamshi, Kipolishi, Kiswahili, othografia, uhawilisho, nyenzo huria

1.0 Utangulizi
Anayetaka kujifunza Kipolishi akiwa Kitura hana darasa la kwenda wala mwalimu wa kumwendea. Alichonacho ni simu na intaneti. Haja yenyewe si ya kubuni. Serikali ya Poland, kupitia wakala wake wa ubadilishanaji wa kitaaluma unaojulikana kwa kifupi kama NAWA, hutoa ufadhili wa masomo ya uzamili uliopewa jina la Ignacy Łukasiewicz, na Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa miongoni mwa nchi zinazolengwa na ufadhili huo. Hata pale masomo yanapotolewa kwa Kiingereza, mwanafunzi hununua mkate, huulizia njia na hujieleza kwa daktari kwa Kipolishi.

Hali ya lugha ya mjifunzaji huyo inastahili kuelezwa kabla ya kuzihakiki nyenzo zenyewe. Lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa milima ya Mbinga ni Kimatengo. Ukiteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuelekea Liuli na Mbamba Bay, unakutana na wazungumzaji wa Kimanda na Kimpoto. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hao, na ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari. Kwa hiyo, nyenzo inayofafanua Kipolishi kwa Kiingereza humfafanulia mjifunzaji huyu lugha yake ya nne kwa kutumia lugha yake ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo anayoimudu kwa uchache zaidi.

Uhakiki huu unaongozwa na mitazamo miwili. Wa kwanza ni ulinganishi wa lugha kama ulivyowekewa msingi na Robert Lado mwaka 1957, unaoshikilia kwamba tofauti baina ya lugha ya mjifunzaji na lugha lengwa husaidia kutabiri ugumu atakaokutana nao. Wa pili ni ule wa James Emil Flege, aliouweka bayana mwaka 1995, unaoonesha kwamba sauti inayofanana na ya lugha ya kwanza bila kuwa sawa nayo huweza kuwa ngumu kuliko sauti mpya kabisa, kwa kuwa sikio huiingiza katika kundi lililokwishakuwapo. Mitazamo hii miwili haipingani katika jambo moja la msingi: haiwezekani kutabiri ugumu wa matamshi bila kwanza kujua mjifunzaji anatoka lugha gani.

2.0 Kipolishi na Kiswahili: Mkutano usio Mpya
Ni rahisi kudhani kwamba lugha hizi mbili hazijawahi kukutana. Historia inakanusha dhana hiyo. Kuanzia mwaka 1942, maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi waliotoka Urusi ya Kisovieti kwa kupitia Uajemi walihifadhiwa katika makambi ya Afrika Mashariki na Kusini. Nchini Tanganyika, kambi kubwa zaidi ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyingine zilikuwa Ifunda na Kidugala, katika Nyanda za Juu Kusini, upande huohuo wa nchi inakopatikana Ruvuma. Nchini Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Katika makambi hayo watoto walisomeshwa kwa Kipolishi huku wakiishi katikati ya jamii zilizotumia Kiswahili.

Kwa upande wa taaluma, mchango wa Rajmund Ohly unafahamika kwa wasomaji wa fasihi na isimu ya Kiswahili. Mtaalamu huyo Mpolandi alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uhakiki wake wa nathari ya Kiswahili ya miaka ya sabini ulichapwa na taasisi hiyo mwaka 1981. Mwaka 1998, yeye pamoja na Iwona Kraska-Szlenk na Zofia Podobińska walichapisha mjini Warszawa kitabu cha lugha ya Kiswahili kilichoandikwa kwa Kipolishi. Mpolandi anayetaka kujifunza Kiswahili, kwa hiyo, ana kitabu kinachoanzia kwenye lugha yake mwenyewe. Katika nyenzo zote zilizohakikiwa hapa, hakuna hata moja inayomfanyia mzungumzaji wa Kiswahili hisani hiyo.

3.0 Nyenzo Zinazohakikiwa
Nyenzo hizi zinaweza kugawanywa katika makundi mawili: zinazofafanua na zinazosikika.

Katika kundi la kwanza imo sarufi ya Oscar E. Swan wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambaye maandishi yake kuhusu Kipolishi yanasomeka mtandaoni bila malipo. Ni kazi ya mtaalamu, na maelezo yake ya mfumo wa sauti ni makini. Hata hivyo, sauti zinafafanuliwa kwa kulinganishwa na maneno ya Kiingereza, kwa kuwa wanafunzi waliokusudiwa ni Wamarekani. Hilo si kosa la mwandishi. Ni mpaka wa kitabu chake.

Katika kundi la pili zimo Forvo, ambamo wazungumzaji wa kujitolea hurekodi neno mojamoja. Wikisłownik, yaani kamusi huria ya Kipolishi ya familia ya Wikipedia, ambayo huambatanisha maingizo mengi na alama za kifonetiki na sauti. Na Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sentensi zilizosomwa kwa sauti katika lugha nyingi, Kipolishi na Kiswahili zikiwamo. Hapa sauti ni za watu halisi, wake kwa waume. Kinachokosekana ni maelezo. Mjifunzaji husikia, lakini haambiwi asikilize nini.

Duolingo inasimama katikati ya makundi hayo. Kozi yake ya Kipolishi ilitolewa mwishoni mwa mwaka 2015 kwa ajili ya wanaojua Kiingereza. Kiswahili kilifuata mwaka 2017, nacho kama lugha ya kufundishwa, si ya kufundishia. Sentensi za Kipolishi husomwa na sauti ya kompyuta. Mazoezi yake huvutia na humrudisha mjifunzaji kila siku, sifa isiyopaswa kubezwa. Lakini zoezi la kuchagua neno sahihi miongoni mwa maneno yaliyoandikwa huweza kupitwa kwa macho pekee, bila sikio kufanya kazi yoyote.

4.0 Herufi Zilezile, Sauti Nyingine
Nyenzo zinazoanzia kwenye Kiingereza hutumia nafasi kubwa kumtuliza msomaji kwamba tahajia ya Kipolishi, ijapokuwa inatisha, ina kanuni: herufi husomwa kama ilivyoandikwa. Onyo hilo linamfaa msomaji aliyelelewa katika tahajia ya Kiingereza isiyotabirika. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili halihitaji, kwa kuwa tangu darasa la kwanza amezoea kwamba herufi ina sauti yake. Tatizo lake ni kinyume cha hilo: anaziamini mno herufi. Herufi *w*, *j*, *y* na mfuatano *ch* vina thamani thabiti katika Kiswahili, na vyote vina thamani nyingine iliyo thabiti vilevile katika Kipolishi.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Ruvuma ni jina la Karol Wojtyła, yaani Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Songea katika ziara yake ya Tanzania ya Septemba 1990. Katika jina hilo moja, *w* ni sauti ya /v/, *j* ni kiyeyusho kama *y* ya Kiswahili, *y* ni irabu isiyokuwamo katika Kiswahili, na *ł* ni kiyeyusho kama *w* ya *wali*. Anayelisoma kwa kanuni za Kiswahili hukosea katika herufi nne kati ya saba, ilhali sauti tatu kati ya hizo nne anazo kinywani mwake tayari. Ugumu uko kwenye othografia, si kwenye ulimi.

Hoja hii inathibitishwa na maneno yanayoandikwa sawa katika lugha zote mbili. Yapo yanayotamkwa karibu sawa na kutofautiana kwa maana tu: *pole* kwa Kipolishi ni shamba au uwanda, *kura* ni kuku jike, *tu* ni hapa, na *baba* ni mwanamke, kwa namna isiyo ya heshima. Hayo huchekesha lakini hayapotoshi matamshi. Yanayopotosha ni yale yanayofanana machoni na kuachana masikioni. *Moja* ya Kipolishi, yenye maana ya ‘yangu’ kwa nomino za jinsia ya kike, hutamkwa *moya*. *Jaja*, yaani mayai, hutamkwa *yaya*. *Kawa*, ambayo kwa Kiswahili ni kifuniko cha chakula kilichosukwa, kwa Kipolishi ni kahawa, zao kuu la biashara la Mbinga, na hutamkwa *kava*. *Chwila*, yaani kitambo kifupi, lina sura ya neno la Kiswahili kabisa. Lakini *ch* yake ni sauti ya *kh*, na *w* yake, kwa kufuata konsonanti sighuna, hugeuka kuwa /f/.

Hakuna nyenzo inayofafanua kwa Kiingereza inayoweza kuyaona maneno haya kuwa ni mitego, kwa sababu kwa msomaji wake si mitego. Orodha ya maneno ishirini ya aina hii, yakiwa na sauti, ingemsaidia mjifunzaji wa Kitura kuliko sura nzima ya utangulizi wa alfabeti.

5.0 Mfumo wa Sauti
5.1 Shadda
Kipolishi huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Shadda huhama neno linaporefuka: *kobieta* (mwanamke) huwa na shadda kwenye *bie*, na *kobietami* kwenye *ta*, kama vile *kitabu* na *kitabuni* zinavyohamisha shadda kutoka *ta* hadi *bu*. Hata vighairi vinalingana kwa sura: *matematyka* katika matamshi sanifu huwekewa shadda kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, kama *lazima* ya Kiswahili. Kanuni inayomchukua Mwingereza majuma kuizoea, hapa ingeelezwa kwa sentensi moja. Nyenzo zote huieleza kama jambo geni.

5.2 Irabu za Puani
Herufi *ą* na *ę* kwa kawaida hufafanuliwa kwa mfano wa Kifaransa. Kwa mjifunzaji asiyejua Kifaransa, huku ni kuelezea jambo lisilojulikana kwa jingine lisilojulikana. Uhalisi wa matamshi ni mwepesi zaidi. Mbele ya vipasuo na vipasuo-kwamizi, herufi hizi hutamkwa kama irabu ikifuatwa na nazali inayolingana na konsonanti iliyo mbele: *zęby* (meno) husikika na *mb* kama ya *embe*, na *ręka* (mkono) husikika na nazali ya nyuma ya kinywa. Huu ni usilimisho wa nazali, kanuni ambayo mzungumzaji wa lugha ya Kibantu huitumia bila kufikiri anapotamka *mbuzi*, *ndizi* na *ngoma*. Mwishoni mwa neno, *ę* katika mazungumzo ya kawaida hupoteza unazali na kubaki *e*. Kinachosalia kuwa kigeni ni kidogo: irabu hizo mbele ya vikwamizi, na *ą* mwishoni mwa neno. Nyenzo zimeligeuza kuwa jambo kubwa kwa sababu ya mahali zilipoanzia.

5.3 Mahali Ugumu Ulipo
Ugumu halisi uko kwenye vikwamizi na vipasuo-kwamizi. Kipolishi hutofautisha *sz*, inayotamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma ya ufizi, na *ś*, inayotamkwa mwili wa ulimi ukiinuka kuelekea kaakaa gumu. *Sh* ya Kiswahili iko baina ya hizo mbili. Hapa utabiri wa Flege unahusika moja kwa moja: sikio la mzungumzaji wa Kiswahili huziweka zote mbili katika kapu moja la *sh* na kuridhika. Matokeo yake si lafudhi tu. *Proszę* ni ‘tafadhali’. *Prosię* ni mtoto wa nguruwe. *Kasza* ni chakula cha nafaka zilizochemshwa. *Kasia* ni jina la mwanamke. Hali ni hiyohiyo kwa *cz* na *ć*, zote zikisikika kama *ch*, na inazidi kuwa ngumu kwa *ż* na *ź*, ambazo Kiswahili hakina hata sauti moja ya kuzipokea.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba *ś* ni kama *sh* lakini ‘laini zaidi’. Neno ‘laini’ halimwambii mtu aweke ulimi wapi. Mjifunzaji anahitaji maelezo ya mkao wa ulimi na mazoezi ya jozi za maneno zinazotofautiana kwa sauti moja, ayasikie kabla ya kuyaona. Forvo na Wikisłownik zina sauti za maneno kama hayo, lakini kila neno limekaa peke yake. Hakuna aliyeyapanga jozijozi.

Irabu *y* nayo inadai uangalifu. *Być* ni kuwa. *Bić* ni kupiga. Kiswahili chenye irabu tano hakina nafasi ya irabu hii, na anayetegemea Kiswahili pekee huzitamka zote kwa *i*. Lakini mjifunzaji wa Kitura haishi katika Kiswahili pekee. Kimatengo, kama kilivyoelezwa katika uchunguzi wa Nobuko Yoneda, kina irabu saba, na wazungumzaji wake wamezoea kusikia viwango vya mwinuko wa ulimi ambavyo Kiswahili hakivitofautishi. Ulinganishi unaoishia kwenye Kiswahili ungerudia kosa lilelile la nyenzo za Kiingereza: kumdhania mjifunzaji kuwa na lugha moja, tena ile iliyo rahisi kwa mwandishi.

5.4 Mfuatano wa Konsonanti
Maneno kama *przepraszam* (samahani) na *wszystko* (kila kitu) hukiuka muundo wa silabi wa Kiswahili, unaopendelea kila silabi iishie kwa irabu. Njia ya kukabiliana na hali hiyo inajulikana katika utohoaji: mzungumzaji huchopeka irabu, kama ilivyotokea kwa *burashi* na *kilabu*. Katika Kipolishi uchopekaji huo huongeza silabi na kuivuruga shadda iliyokuwa sahihi. Upo pia mtego usioonekana: *mleko* (maziwa) huonekana rahisi kwa aliyezoea *mlezi*, lakini *m* ya Kiswahili hapo ni silabi kamili, na ya Kipolishi sivyo. Neno lina silabi mbili, si tatu. Vivyo hivyo, konsonanti ghuna ya mwisho wa neno hupoteza ughuna, hata *kod* (msimbo) na *kot* (paka) zikatamkwa sawasawa. Kwa kuwa Kiswahili hakina mazoea ya kumaliza neno kwa konsonanti, kanuni hii inapaswa kufundishwa mapema pamoja na namna ya kufunga silabi.

6.0 Bure na Huria
Neno ‘bure’ linahitaji kuhakikiwa lenyewe. Kwanza, anayesikiliza sauti mtandaoni hununua bando. Nyenzo inayodai mtandao kila inapotumiwa si ya bure kwake. Pili, na hili ni zito zaidi, kupewa ruhusa ya kutumia si kupewa ruhusa ya kubadili. Duolingo hutumika bila malipo, lakini mwalimu wa Mbinga hawezi kuichukua kozi hiyo, akaitafsiri na kuigawa. Kinyume chake, maudhui ya Wikisłownik yanaruhusiwa kunakiliwa, kutafsiriwa na kusambazwa mradi chanzo kitajwe na kazi mpya ibaki na masharti hayohayo. Forvo huruhusu vivyo hivyo kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Mkusanyo wa Common Voice umetolewa bila sharti la hakimiliki.

Kwa kigezo hiki, mpangilio wa ubora hubadilika. Duolingo, iliyo nzuri zaidi kwa sura, ndiyo isiyoweza kurekebishwa. Hazina za sauti zisizo na maelezo ndizo zinazoweza kuvishwa maelezo ya Kiswahili, zikawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kupita kutoka simu moja hadi nyingine bila mtandao. Mtu aweza kupinga kwamba wanaohitaji Kipolishi katika Ruvuma ni wachache mno kustahili kazi hiyo. Pingamizi hilo lina uzito kwa mchapishaji anayetafuta soko. Halina uzito mkubwa kwa taaluma, kwa kuwa kinachojaribiwa hapa ni uwezo wa Kiswahili wenyewe wa kuwa lugha ya kufundishia lugha nyingine. Lugha inayosubiri wajifunzaji wawe wengi ndipo ianze kufafanua, itakuta wamekwisha kufafanuliwa kwa lugha nyingine.

7.0 Hitimisho
Nyenzo zilizohakikiwa zina thamani, na mjifunzaji mwenye bidii atafika mbali kwa kuziunganisha: Swan kwa kanuni, Wikisłownik na Forvo kwa masikio, Duolingo kwa mazoea ya kila siku. Lakini atafika huko akiwa amelipa gharama isiyo ya lazima. Amefundishwa kwa kirefu shadda aliyokuwa nayo, ametumwa Ufaransa kutafuta nazali iliyomo katika neno *embe*, na ameachwa peke yake mbele ya *sz* na *ś*.

Kinachohitajika si kozi mpya kubwa. Ni kitini kifupi cha sauti chenye mambo manne: orodha ya maneno yanayoandikwa kama ya Kiswahili na kutamkwa vingine, jozi za vikwamizi na za irabu zilizopangwa kwa kusikilizwa, maelezo ya mkao wa ulimi kwa istilahi za fonetiki ambazo Kiswahili tayari kinazo, na mazoezi ya silabi funge. Sauti zake zipo na ruhusa ya kuzitumia ipo. Wataalamu wanaozijua lugha zote mbili wapo Warszawa, na wanaoijua fonolojia ya Kiswahili na ya lugha za Ruvuma wapo katika vyuo vya Tanzania. Kazi iliyosalia ni ya kuandika kwa Kiswahili.